Jina Langu Kizingitini

Litapunga, Jumanne

Kaka Elia ameondoka bila kuaga. Shauri yake.

Kila aliyeimiliki nyumba hii aliongeza kipande cha saruji kizingitini, akaandika jina lake kwa msumari kabla hakijakauka. Alianza mzungu wa tumbaku aliyeijenga, akafuata mzee wa Kikonongo aliyemuuzia baba. Baba mwenyewe alitoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Majina matatu, yote ya wanaume.

Leo Elia kaja na saruji kutoka Majimoto. "Mwanamke haandikwi mlangoni, dada. Wewe utaolewa."

Nina miaka arobaini na tisa! Baba nimemwogesha mimi mpaka anakufa, na mbele ya wazee alisema nyumba ni yangu.

Elia akakoroga saruji, akaimwaga, akailainisha vizuri. Kisha akaingia kula ugali wangu, akisubiri ishike kidogo aandike jina lake, akasinzia kitini. Nikachukua msumari.

Mpaka anaamka, saruji imekaza.

Jumapili kuna kikao cha ukoo. Naogopa, sikatai. Wakinitenga je?

Lakini kikao ni humu ndani, na mlango ni mmoja. Waje tu. Watalisoma kwanza jina langu, ANASTAZIA, ndipo waingie.