Afande Kihwelo na Mfereji wa Ubaruku

Jumatatu, 8 Juni 1959. Mbeya
Baridi. Habari yangu ya kahawa imekwenda gazetini na basi la asubuhi. Lazaro Kihwelo, aliyestaafu jeshini akiwa Effendi, cheo cha juu kwa Mwafrika, sasa mjumbe wetu wa Baraza la Kutunga Sheria, anatajwa kuwa waziri. Gavana anangoja jambo moja: Ubaruku. Wafugaji na wakulima wa mpunga wanagombea maji ya mfereji. Wiki iliyopita mikuki ilitolewa. Serikali inataka kupeleka polisi. Kihwelo kaomba siku tatu, bila polisi. Akishindwa, uwaziri basi. Nafuatana naye.

Jumatano, 10 Juni. Ubaruku
Ameharibu. Kavaa buti na nishani, katoa orodha, kaita majina kwa alfabeti kama kambini. Akaanza na Abeli, mkulima aliyeoa juzi tu. Mzee Mwigoha, mkubwa wa wafugaji, alikuwa wa kumi na nne. Huku hakuna anayesema kabla ya mkubwa. Mzee akainuka, akakaza shuka.
"Afande, bado kutupigisha kwata tu!"
Wakacheka. Wakaondoka wote, wakulima na wafugaji pamoja. Nimeona aibu kwa niaba yake.

Alhamisi, 11 Juni
Kavua buti. Asubuhi kaenda kwa Mzee, bila orodha. Kachuchumaa nje ya mlango, kapiga makofi taratibu, kangoja kuitwa. Muda wa saa mbili nzima. Nilitazama saa yangu.
"Ingia, mwanangu. Leo amekuja mtu."

Ijumaa, 12 Juni
Wamekubaliana! Walisema kwa umri, Mzee kwanza, Abeli mwisho. Ng'ombe watanywa asubuhi, chini ya daraja tu. Maji yanayobaki ni ya mpunga. Wakulima wenyewe watachimba njia ya ng'ombe. Vigelegele hadi barabarani. Fahali kachinjwa. Kihwelo kacheza ngoma pekupeku, vibaya sana. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 25 Juni. Iringa, kwao Kihwelo
Simu ya maandishi imefika. Waziri. Kazi ya kwanza: kwenda ng'ambo kutusemea. Watu walijaa stendi, wakamwinua begani. Basi likaondoka naye.
Mama yake alibaki kando yangu. Akauliza kama mwanawe bado ni askari. Nikamwambia ni waziri, na anakwenda mbali.
"Haya. Na huko atapikiwa na nani?"
Nikamchukulia kikapu. Tukapanda kilima polepole hadi kwake.