Kuku wa Kiti cha Nyuma

Jumamosi, Mugumu

Gari nimelipata, ila ndani kuna kuku anaatamia.

Ni foo wili, gari la kupita kwenye tope, la mzee mmoja wa Natta, zamani dereva wa kambi ya watalii. Nimechoka kuanguka na pikipiki kwenye tope nikienda kufundisha Nyambureti. Injini iliwaka mara moja, chini hakuna kutu. Nikamwomba mkewe amtoe kuku ili nipate kulijaribu gari.

"Ukimsogeza atayasusa mayai," akasema yule mama. "Endesha naye."

Akapanda nyuma kumlinda. Tukavuka korongo, tukapanda mawe, kila kona ananiambia, "Taratibu, mwalimu." Kuku hakuinuka. Mayai tisa, hakuna lililopasuka. Nikaona springi ni nzima.

Mzee alikuwa tayari kuniuzia leo. Mkewe akakataa mpaka vifaranga watoke.

Nikiwa naaga, akafika mnunuzi kutoka Sirari. Alifungua mlango, akamnyanyua kuku kwa mabawa. Mama alimfukuza hadi barabarani, akarudi akihema.

"Vifaranga wakitoka, gari ni lako, mwalimu. Yule hana adabu."

Nilifurahi mno. Sasa niko kitandani, nimekumbuka kwamba sikuuliza linakula mafuta kiasi gani.