Simfoni ya Ala za Kale na Sikio Langu

Mdogo wangu Zakayo,

Nakusalimu kutoka Woodbury kwa Neema, theluji imefika usawa wa dirisha. Jana mwanangu huyo aliniwekea CD ya ile simfoni niliyoizoea chuoni kwenye kaseti. Ila wapigaji wa CD hii wameirekodi kwa ala za enzi zile: fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, tarumbeta zisizo na vitufe. Nikasikiliza nimefumba macho. Ilipokwisha, Neema akauliza, "Baba, haikukusumbua? Ala hizi hulingana chini ya piano ya leo, karibu nusu sauti."

Haikunisumbua hata kidogo. Niliisikia kwa kimo kilekile cha kaseti.

Nikamtaka aende kwenye piano yake, nikaimba noti ya C, ile ninayowapa kwaya kutoka kichwani miaka yote. Akabonyeza C, ikanipita juu. Akabonyeza B, nusu sauti chini yake, tukalingana. Akafunika piano bila kuniangalia.

Zakayo, hivyo ndivyo ulivyoniambia mbele ya kwaya, kwamba nawashusha. Nikakutoa kwenye kinanda, nikakuita mtovu wa adabu. Na wale masoprano niliowafokea kuwa wanapaa juu, hadi wakalia! Muziki wangu wote uko kichwani, na kichwani ndiko ulikoharibika. Leo asubuhi daktari wa hapa kaniambia kwa simu kuwa masikio ya uzee hayarudi.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na wewe ule vizuri. Jumapili kaa kwenye kinanda, useme nimekutuma. Nikirudi nitasimama nyuma na mabesi, nikingoja unipe sauti.

Kaka yako,
Elia