Baba, Nimempita Anaeli Palepale

Baba,

Shikamoo. Nimempita. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu uniulize. Jumamosi, kwenye mbio za magari, kwenye ile kona ya kokoto nyeusi kabla ya Momela, palepale ulipoishia wewe, nimempita Anaeli.

Nakuandikia huku Aika amelala mgongoni. Ndiyo, una mjukuu. Miezi minane, meno mawili, na anang'ata. Nimechoka, Baba. Nepi zimelowa kwenye beseni toka asubuhi na mabega yangu yanauma kwa usukani. Lakini hili lisingoje.

Tangu uondoke mambo yamefunguliwa. Sukari hatupangi foleni tena. Magari yanashuka kutoka Dubai kila wiki, na Anaeli naye ana lake, jeupe, amepewa na wafanyabiashara wa mjini kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msomaji njia wako, wa kukutajia kona. Ametoka kiti cha kushoto, akahamia kwenye usukani, kwa kukanyaga mgongo wako. Mimi naendesha Datsun yako, ileile ya ajali. Fundi wa Levolosi aliinyoosha karibu mwaka mzima, na mlango wa kulia bado unafungwa kwa kamba.

Unajua alisema nini msibani? Alisimama na bandeji kichwani akawaambia watu, "Nilimwambia pole. Mara mbili nilimwambia pole. Hakusikia." Watu wakatikisa vichwa. Mzee kajitakia, wakasema. Hata Mama amekuwa akikulaumu chinichini huku akimenya ndizi. Na mimi nilimwita baba mdogo, Baba. Mimi ndiye niliyempelekea chai.

Halafu nikampata Aika bila ndoa, kanisa likanitenga. Ili nirudi kundini ilibidi nisimame mbele ya usharika wote, mtoto kifuani, nitamke kosa langu kwa kinywa changu. Anaeli ni mzee wa kanisa sasa. Alikuwa benchi la mbele. Akaniambia, "Sema kwa sauti, binti, wa nyuma hawasikii." Nikasema kwa sauti.

Wiki mbili baadaye fundi aling'oa kile kiti cha kushoto. Chini yake kikatoka kitabu chako cha njia, kimejaa vumbi, mwandiko wa Anaeli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisoma nimesimama hapohapo gereji. Kona nyingine zote ziko, na kwenye zile mbaya ameandika "pole", "pole sana", kama mlivyozoea. Nikafika kwenye ile yako. Imeandikwa: nyoosha, mita mia mbili, nyoosha. Basi. Kona haipo. Sijui siku ya kupima njia alisinzia au alikuwa na pombe ya mbege kichwani. Aliiruka. Na wewe ulimwamini, ukakanyaga mafuta.

Anayenisomea mimi ni Salome, yule wa saluni ya Kimandolu. Mazoezi ya kwanza nilipiga jiwe, kichwa kikagonga paa, naye kwa adabu zake akasema, "Pole!" Nikakanyaga breki. Gari likageuka likatazama tulikotoka.

"Nilikuwa nakupa pole, wewe mwanamke! Sijasema upunguze!"

Tulicheka mpaka machozi. Ndipo nikakumbuka amri yako: "Ndani ya gari hili hakuna pole ya adabu. Pole ni breki." Kicheko kikanikauka mdomoni. Kumbe huenda Anaeli hakudanganya neno, Baba. Pole alisema. Alisema ulipokwisha kugonga, pole ya adabu.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: aseme mbele ya watu walewale wa msibani kwamba kona aliiruka.

Jumamosi alianza dakika mbili mbele yangu. Nilimkuta kwenye vumbi lake, napiga honi, hapishi. Tulipokaribia kona, Salome akasema, "Pole kabisa," nami nikapunguza kama ulivyonifundisha, mapema, halafu mguu unarudi. Yeye alikaribia kusimamisha gari kabisa. Aliogopa. Kona aliijua vizuri safari hii. Nikapita ndani, kioo changu kikakwangua chake, akala vumbi langu mpaka Usa River.

Pale mwisho alinijia na mkono mbele. "Hongera, mwanangu. Hii ndiyo damu ya baba yako."

Sikumpa mkono. Nilimpa kitabu, kimefunguliwa. "Baba mdogo, nisomee hapa."

Akakitazama. "Sina miwani."

"Ulisoma gari likiruka kama mbuzi," Salome akamwambia, "leo umesimama chini unataka miwani?" Watu wakacheka. Salome akachukua kitabu akasoma kwa sauti, mara mbili. Vichwa vikamgeukia. Anaeli akasema jua kali, akaenda kwenye gari lake. Sikuona haya hata kidogo, Baba. Nilifurahi. Nimefurahi siku nne sasa.

Jana alituma wazee wawili na mbuzi, eti tuyamalize nyumbani kimyakimya. Niliwaamkia, nikawapa chai, nikawarudishia mbuzi wao. Niliwaambia sitaki nyama. Nataka asimame pale niliposimama mimi, aseme kwa sauti, wa nyuma wasikie. Mama ananibembeleza, "Msamehe, mwanangu, uchungu unaharibu maziwa." Lakini hakulaumu tena, nimesikia. Alikaa na kile kitabu mapajani muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ile mistari, na yeye kusoma hajui.

Aika ananyonya vizuri tu. Maziwa hayajaharibika.

Leo nilipita kujiandikisha mbio zijazo. Jina la Anaeli lilikuwa limeshaandikwa. Nimeandika langu chini ya lake. Nakuahidi: kila atakapoandika, ataniona hapo chini yake, na kila barabara nitampita, mpaka siku atakaposimama kanisani akatamka. Akizeeka kabla hajatamka, nitamfuata na uzee wake.

Mtoto ameamka. Kwaheri, Baba. Wewe pumzika. Mimi bado.

Binti yako.