Mikono ya Kushoto ya Lubunga

Lubunga, ng'ambo ya Kisangani
Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Mama yangu,

Salamu aleikum. Kabla ya neno lolote nashika miguu yako kwa karatasi hii, kwa kuwa mikono yangu haifiki huko Kasongo. Umeamkaje? Magoti yako yanasemaje na mvua za mwezi huu? Mke wangu Zaina bado anakohoa, au ile dawa ya majani imemsaidia? Na binti yangu Mwamini, niliyemwacha akitambaa, nasikia siku hizi anakimbiza kuku wa watu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nguo zangu zina vifungo vyote. Na wewe binamu Rashidi, unayemsomea Mama, soma polepole wala usiruke mahali, hata pale utakapoona maneno hayamfai mzee. Nakujua.

Mama, barua yako ilinifikia ikiwa na unyevu wa mto wote ule, wino umetawanyika pembeni. Lakini mahali ulipomtaja Mwamini palikuwa pakavu. Unasema mtoto anapenda kushika kila kitu kwa mkono wa kushoto, na kwamba umeanza kumfunga mkono huo kwa kitambaa ulichochana kwenye kikwembe chako cha maua ya manjano, kama ulivyonifunga mimi. Unaniuliza kama nimekubali. Nimechelewa kujibu, na najua umenung'unika. Swali lako lilinikuta katikati ya jambo lililofanana nalo, hata nikadhani kuna mtu amekwenda kukuambia.

Unanijua. Ulizoea kusema mwili wangu uko jikoni na roho yangu iko ng'ambo ya mto. Sasa mwili wenyewe uko ng'ambo, na roho ndiyo inayorudi jikoni kwako. Asubuhi huku ukungu hufunika mto, na mji wa upande wa pili, Makiso pamoja na maduka na ofisi zake, unapotea kabisa. Yanabaki maporomoko tu, yananguruma kule juu kama wanawake wengi wanaotwanga mpunga uani. Nikisimama ukingoni namwona Zaina ndani ya ukungu, anapepeta, na Mwamini amemshika nguo. Kisha king'ora cha karakana kinalia, nao wote wanaondoka.

Pale karakana ya reli, kama nilivyokuandikia zamani, nilianza kwa kupiga nyundo, miaka michache baada ya vita vya wazungu. Tunaunganisha mabamba ya matangi ya maji ya treni kwa ribiti, yaani vile vyuma vinene mfano wa msumari usio na ncha. Ribiti inatoka motoni nyekundu, inatiwa tunduni, na watu wawili wanaipiga kwa zamu hadi kichwa chake kilale. Mmoja akikosa mwendo, kichwa kinakaa upande na tangi linavuja. Kwa hiyo wapigaji huimba. Nilikuwa mpigaji mzuri, Mama, acha nijisifu kidogo, na mwaka jana wakanifanya moniteri, mwalimu wa kazi, nikapewa vijana wa kufundisha. Kundi jingine wakampa Gabrieli. Huyu ni mtoto wa wavuvi wa kule maporomokoni, Mkristo, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha jirani.

Halafu Bwana Mkubwa wa karakana akatuita wote wawili. Akasema kazi haihitaji moniteri wawili wa ribiti. Vijana wetu watapimwa mbele yake, na mmoja wetu atarudi kwenye nyundo. Unajua maana yake kwangu. Moniteri aliyethibitishwa anapewa nyumba ya matofali kambini, anaruhusiwa kuleta mke na mtoto. Mpiga nyundo analala kwenye nyumba ndefu ya wanaume, kitanda kando ya kitanda, na mkewe anabaki kwa mama mkwe akikohoa. Sikukuandikia haya kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nikiota ile nyumba mchana kweupe, hata pazia lake nilikwisha kulichagua.

Sasa nikueleze habari za Jumapili zetu. Walimu wa kazi wa mji huu tumeunda baraza letu wenyewe. Hakuna mzungu aliyetuagiza. Yuko Gabrieli, yuko wa gereji, yuko wa mashine za kukoboa mpunga, yuko muuguzi anayefundisha wauguzi wenzake, yuko Papa Albeti, fundi cherehani mzee anayefundisha washonaji wa duka moja kubwa. Tunakutana mtaa wa Kabondo, barazani kwa mzee huyo, wao wakishatoka misa, na mimi navuka kwa mtumbwi. Kuna kiti kimoja tu. Anayekalia kiti ni mwanafunzi. Kila Jumapili mmoja wetu anakaa pale ajifunze kazi asiyoijua, na wengine tunatazama jinsi anavyofundishwa. Papa Albeti anasema mwalimu akisahau uchungu wa kutojua, anakuwa fimbo tu. Tunacheka sana, tunakula kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kuchoma, na mtu anarudi nyumbani kichwa kikiwa kipana zaidi. Tangu niondoke kwako sijapata mahali pengine ninapojisikia kuwa mtoto wa watu.

Jumapili yangu ilipofika, nilipewa makasi na kitambaa. Nikashika, nikakata. Kitambaa kikajikunja katikati ya makasi, hakikatiki. Nikajaribu tena, kikatafunwa. Papa Albeti akaniinamia akitazama vidole vyangu.

"Saidi, weye iko mutu wa kushoto! Makasi yangu inakukatala."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Wewe ulinifundisha kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimu kwa kulia, na watu hawajui. Kazini tu, nikishika chombo cha chuma, mkono wangu wenyewe hujitokeza. Lakini mzee hakucheka.

"Alors, na batoto unafundisha? Banashika nyundo na mukono gani?"

Mama, niliyaweka makasi chini. Niliwaona vijana wangu akilini, mmoja mmoja, wakiinua nyundo. Wote kwa kushoto! Wote, hata wale wanaochana nywele kwa kulia. Nilikuwa nimesimama kando yao miezi yote ile nikiwaambia fanyeni kama mimi, nao wakafanya kama mimi. Sikuona kosa kwa sababu walifanana nami. Na hapo nikaelewa kwa nini kila walipopangwa pamoja na vijana wa Gabrieli nyundo ziligongana na ribiti zikalala upande, na kwa nini Bwana Mkubwa alikuwa akitikisa kichwa mbele ya kundi langu.

Nilirudi Lubunga nimeinamisha uso. Kesho yake nikafanya nini? Nilifanya kama wewe. Nikachana shuka kuukuu, nikawafunga vijana wangu mkono wa kushoto mgongoni, nikawaambia pigeni kwa kulia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilijua namna moja tu ya kumnyoosha mtu. Jumapili zilizofuata sikuvuka mto. Niliona haya, na zaidi ya haya niliona wivu, kwa kuwa Gabrieli alikuwepo barazani siku ile na sasa alijua udhaifu wangu wote. Vijana wakawa wazito. Nyundo zilianguka chini. Kitu kilichoniumiza kuliko vyote ni kwamba waliacha kuimba. Na siku ya kwanza bila wimbo ndipo posta iliponiletea barua yako, yenye Mwamini na kile kitambaa cha manjano ndani yake. Niliisoma nimeegemea tangi, nikatazama wale vijana waliofungwa, nikahisi mkono wangu wa kushoto unawasha pale wewe ulipokuwa ukikaza fundo. Nilitaka kulia, Mama. Nakwambia wazi.

Gabrieli alinikuta hivyo. Alitoka upande wake wa karakana, akasimama mlangoni.

"Ndeko, ndugu yangu, hii nini? Umefunga bana ya batu kama mbuzi ya soko?"

Nikamwambia aniache, afurahi, nyumba ni yake. Hakuondoka. Akachuchumaa karibu nami.

"Angalia. Kwetu ku maporomoko, kufunga muti ya mutego ya samaki inaomba batu mbili. Moya anavuta kamba ku kuume, mwingine ku kushoto. Bote bakivuta upande moya, muti inazunguka, maji inaibeba. Batoto yako habana mubaya. Banasimama tu fasi yenye haiko yabo. Nipe moya wako, nikupe moya wangu."

"Na kama Bwana Mukubwa ataona bako bazuri, akinibakisha miye, akurudishe weye ku nyundo?" nikamwuliza.

"Bon. Na akikurudisha weye, hautavuka muto tena. Jumapili nani atakaa ku kiti?"

Akacheka kile kicheko chake, akaanza kufungua vitambaa yeye mwenyewe.

Tulimsimamisha kijana wangu upande mmoja wa ribiti na wake upande wa pili, tukawabadilisha nafasi walizozoea. Nyundo ya kushoto ikatoka upande wake na kurudi upande wake, na ya kulia vivyo hivyo, kama milango miwili ya dirisha moja. Hazikugusana. Wakapiga polepole, kisha upesi, kisha mmoja akaanza wimbo. Ulikuwa wimbo wa kupiga makasia wa kina Gabrieli. Kijana wangu hakuyajua maneno, akaitikia tu. Mama, tangu mwanzo tulikuwa na vijana wanaotafutana, na sisi wawili tumesimama katikati.

Siku ya kupimwa Bwana Mkubwa aliwakuta wamechanganyika. Akauliza nani wa Gabrieli na nani wa Saidi. Ningeweza kuwaonyesha wangu, maana siku hiyo walikuwa wepesi kuliko wote. Nikaona ile nyumba, pazia, na Zaina mlangoni. Nikafungua kinywa, na neno lililotoka sikulipanga.

"Bwana, hatuwezi kubagawanya. Ukibagawanya, kazi inakufa."

Alinuna. Alikwenda kwenye tangi akagonga ribiti moja moja kwa kinyundo chake, sikio limeinama, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Nyundo zote zilisimama, yakasikika maporomoko. Alifika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akagonga tena. Ribiti iliyolegea hulia kama sahani iliyopasuka. Hakuna iliyolia hivyo.

Kesho yake tukaambiwa. Gabrieli ni moniteri wa kwanza, mimi ni wa pili, chini yake. Nisikudanganye, iliniuma, na siku mbili tatu nilimwitikia kwa mkato. Lakini mkono mmoja haulei mwana, wewe mwenyewe hunena hivyo, na moniteri wa pili naye anapewa nyumba. Ni ndogo kuliko ile ya ndotoni, ina chumba kimoja na baraza. Mchikichi umesimama mbele ya mlango, na asubuhi ukungu unaingia hadi ndani kama mgeni aliyezoea. Jana nimefagia. Zaina aje, na mtoto aje. Wapande meli kutoka Kindu, kisha treni kutoka Ponthierville, nami nitakuwa nimesimama stesheni hapa Lubunga tangu alfajiri.

Siku hizi nikipata mwanafunzi mpya simwonyeshi kitu kwanza. Naweka nyundo chini mbele yake, katikati, nanyamaza, natazama mkono upi unakwenda kuiokota. Barazani kwa Papa Albeti wamelichukua jambo hilo, na muuguzi anafanya vivyo hivyo na sindano zake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Chakula na salamu ni mkono wa kulia. Hilo umelipokea kwa wazee na sitabishana nawe. Lakini fagio, sindano na mchi viwekwe chini mbele ya Mwamini, katikati, achague mwenyewe. Usinikasirikie. Ulinifunga kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo niliwafunga watoto wa wenzangu.

Nisalimie mjomba wangu mchonga milango, shangazi anayeuza mafuta ya mawese, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, umwambie mwandiko wangu bado unapanda mlima. Msalimie jirani yetu mkunga. Rashidi, nawe ahsante kwa sauti yako.

Na kile kitambaa cha maua ya manjano usikitupe, Mama. Kifungue mkononi mwa mtoto leo, ukifue, ukianike. Siku ya safari mfungieni ndani yake mikate ya mchele ya njiani, na mzigo huo aubebe Mwamini mwenyewe, kwa mkono anaoupenda.

Ni mimi mwanao, ninayekula kwa kulia na kufanya kazi kwa kushoto,

Saidi