Yaliyosemwa Kwenye Sauna

Kuhmo, Oktoba

Mpendwa dada Helka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Göteborg, wewe, shemeji na watoto. Kikohozi cha mdogo kimepona? Mimi nina furaha mpaka naona haya. Ndoa ni tamu, dada! Nikiamka asubuhi na kumwona Aarni amelala, kitabu kimemfunika uso, moyo unayeyuka kama siagi.

Unajua anasomea shahada ya uzamili ya elimu ya afya. Amebakiza utafiti: awafundishe wanaume wa hapa kijijini kuhusu moyo na shinikizo la damu, kisha aandike kama wamebadilika. Wasipokuja, hakuna utafiti, wala shahada.

Siku ya kwanza walijaa kwenye ukumbi wa zimamoto, Baba yetu akiwa mbele. Lakini Aarni wangu, kwa kuchukia sukari, aliweka mezani maji na karoti. Hakuna kahawa! Hakuna mkate mtamu wa iliki! Wazee wakatazama meza, wakatazamana, wakavaa kofia zao. Baba akamwambia, "Profesa, hata mazishini tunapewa kahawa." Mara ya pili alikuja mbwa wa jirani tu.

Maskini mpenzi wangu! Alisema anaacha masomo, anarudi kiwanda cha mbao. Nilimkumbatia, nikamwambia awaite Jumamosi kwenye sauna yetu, kahawa niachie mimi.

Wakaja. Walikaa uchi kwenye mabenchi, mvuke ukipanda, na Aarni hakuwa na karatasi wala picha, maneno matupu. Nikiwa barazani niliwasikia wakimtania kwamba kwa mbavu zile, yeye ndiye wa kufundishwa kula. Kisha vicheko vikapungua, maswali yakaanza.

Sasa kaa chini, dada. Wenzake walipotoka kunywa kahawa, Baba alibaki ndani na Aarni. Akamwambia kwamba tangu theluji iyeyuke, kila akipasua kuni kifua kinambana na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Alinyamaza asituharibie harusi. Alicheza nami dansi ile huku anaumwa! Aarni hakumhubiria. Alimpa shati, akawasha gari, wakaenda hospitali nywele zikiwa bado zimelowa. Mshipa wa moyo ulikuwa karibu kuziba, madaktari wameuzibua. Usilie. Baba yuko salama, analalamikia kahawa ya hospitali.

Nilimwambia Aarni kisa hiki ndicho kitakachompa shahada. Akatikisa kichwa. Lililosemwa kwenye sauna halitoki nje, hataliandika hata bila jina. Dada, nilidhani nimeshampenda mpaka mwisho, kumbe bado.

Wewe nakuandikia kwa sababu Baba mwenyewe amenisimulia yote na kuniomba nikueleze. Anasema akisikia sauti yako kwenye simu atashindwa kuongea. Wenzake, hata hivyo, amewapigia wote palepale kitandani: "Jumamosi kila mtu kwa mkwe wangu, na asiyekuja atanieleza mimi!" Wamekubali wote, na utafiti wa Aarni umepata watu.

Aarni anakusalimu sana. Wabusu shemeji na watoto kwa niaba yetu. Njoo umwone Baba, na uje na kahawa, maana ya kwangu wazee wataimaliza.

Ni mimi mdogo wako, mke wa mtu sasa,
Saimi