Misa ya Kumwombea Sururu

Jumapili, mwezi wa saba. Jua lipo, lakini la kuangalia tu. Upepo unapenya chini ya mlango, nami nimevaa sweta mbili. Baba amejinyoosha sebuleni, goti lake bovu juu ya mto. Mimi nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, naandika jambo ambalo hata mume wangu sijawahi kumwambia.

Nilimwaibisha baba yangu mbele ya marafiki zake. Kisa, mieleka.

Anayesoma hapa na acheke. Mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi hapa Milanzi, Sumbawanga, mama wa watoto watatu, bado nikisikia kengele ya ulingo moyo unanidunda.

Nilikulia kijijini Kate, na Jumapili zetu baada ya kanisa zilikuwa za banda la video la Remi. Turubai, mabenchi ya mbao, jenereta ikinguruma nyuma, na runinga ndogo juu ya meza. Remi alileta mikanda ya mieleka kutoka Namanyere, ya zamani hata kwa wakati ule, iliyochezwa mpaka picha inatetemeka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Lakini alisimama kando ya runinga na kututafsiria kila neno, na asilolijua alilitunga. Majina halisi ya wale wanaume hatukuyajua. Remi ndiye aliyewabatiza.

Wasichana hawakwenda bandani. Mimi nilikwenda kwa sababu baba alinishika mkono, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kulikuwa na Tingatinga, ambaye alishinda kwa kuwakalia watu. Kulikuwa na Mwalimu wa Zamu, mrefu mwenye masharubu, aliyesubiri refa ageuke ndipo apige. Tulimchukia kwa dhati. Na kulikuwa na Sururu.

Sururu hakuwa na sura ya kutazamwa. Kipara, kitambi, kaptula ya kijani iliyopauka. Aliingia ulingoni polepole, kama mtu anayekwenda shamba asubuhi bila haraka. Baba alimpendea hilohilo. Alisema yule hana maringo, anafanya kazi yake na kwenda nyumbani.

Halafu ikaja ile Jumapili. Mwalimu wa Zamu alimpiga Sururu na kiti cha chuma shingoni, kwa nyuma, refa akiwa amegeuka. Sururu akabebwa kwa machela, shingo imefungwa, mkono unaning'inia. Remi akatangaza kwa huzuni kwamba madaktari wamekata tamaa. Mkanda ukaishia hapo. Banda zima lilitoka kimya.

Wiki ile baba hakula vizuri. Padre alipokuja kigangoni kwetu, baba alipeleka bahasha ya nia ya misa, na katekista akasoma mbele ya waumini wote: kumwombea ndugu Sururu, mgonjwa, apate nafuu.

Hakuna aliyecheka. Wa bandani waliinamisha vichwa, na wengine walidhani ni ndugu yetu wa mbali. Jioni wakaja akina mama kutupa pole, mmoja na unga wa ulezi. Baba alizipokea pole zote kwa heshima, na walipouliza hali ya mgonjwa akajibu kweli tupu, kwamba hatujapata habari. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Niliomba huku nikilia, na nilijivunia baba kupita kiasi.

Miaka mitano baadaye nilikuja mjini Sumbawanga kusoma sekondari. Bwenini wakanifumbua macho: mieleka inapangwa, mshindi anajulikana kabla ya kengele. Nilijiona mjinga. Na mjinga akishaerevuka, hutafuta haraka mtu wa kumwonyesha.

Likizo nikarudi Kate. Baba alikuwa ameketi uani na wenzake, akiwemo rafiki yake mkubwa, Mzee Kalisto, wanasimuliana juu ya Sururu. Nikaweka chai mezani nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma: baba, wale ni waigizaji. Wanapanga. Wewe ulimwombea misa mtu asiyeumwa hata kidogo.

Nikacheka. Wote wakacheka. Mzee Kalisto alicheka mpaka akamwaga chai.

Baba alitabasamu kidogo akainuka kwenda kuangalia ng'ombe, ambao walikuwa hawajarudi kutoka malishoni. Hakukanyaga tena banda la Remi, wala hakunishika tena mkono kwenda popote.

Sasa yuko kwangu wiki ya pili kwa ajili ya matibabu ya goti. Leo mchana nilikuwa nachezea simu, ikaniletea video ya mzee mmoja mwenye kipara, anatembea kwa magongo mawili. Sikumjua. Kisha wakaonyesha picha zake za zamani ulingoni, na ile kaptula ya kijani.

Sururu yu hai.

Nilitaka kuificha simu. Badala yake nikasogea kwenye kochi la baba. Akatazama, akamtambua kabla sijafungua mdomo. Akaniambia, "Nitafsirie, mama."

Nikatafsiri, bila kutunga. Kwamba alipasuliwa shingo, kisha magoti yote mawili. Kwamba hawezi kumbeba mjukuu wake. Kwamba walipanga nani atashinda, lakini ile sakafu waliyoiangukia kila siku hakuna aliyeweza kuipanga.

"Kumbe aliumia," akasema.

"Aliumia kweli, baba."

Akaangalia goti lake, akaangalia magoti ya yule kwenye simu. Nikaona nisiposema leo sitasema tena. Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa siku ile ya chai. Nilikukosea."

Akasema taratibu, bila hasira, "Hukukosea kusema. Ulisema kweli. Ila ulicheka, mwanangu. Na uliwafanya na wenzangu wanicheke."

Nilimfunika blanketi nikaja jikoni, na ndipo nilipo hadi sasa, macho yananiwasha na siwezi kusingizia moshi.

Miaka yote hii nilidhani deni langu... hapana, siyo deni. Nilidhani kosa langu lilikuwa kumwambia baba ukweli. Nimejitetea kwa huo ukweli mara nyingi. Nani anaweza kumlaumu mtu kwa kusema kweli? Baba hanilaumu kwa hilo. Alimhurumia mtu aliyeumia, akamwombea kwa jina pekee alilokuwa nalo, na mimi nikaifanya huruma yake kichekesho cha uani.

Na hata leo nimekuwa mjanja. Aibu nilimpa mbele ya watu, msamaha nimemwomba sebuleni, tukiwa wawili.

Kesho Mzee Kalisto anakuja kutoka Kate kumjulia hali. Nitampa shikamoo yake, nitawawekea chai, na kabla hawajaanza habari za mahindi nitapiga magoti mbele yao wote wawili na kusema nilichofanya. Nimeyapanga maneno mara tatu, na kila mara yananitoka vibaya. Nitayasema hivyohivyo.